Magogo Mawili ya Hewa

Kwado alichovya kitambaa kwenye bakuli la povu la sabuni, akakipitisha juu ya boti polepole, kutoka ncha hadi ncha, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Sote watatu tuliinama: yeye, mwenye duka na mimi. Hewa inayotoroka kidogo kidogo haina rangi wala sauti. Povu ndilo linaloisemea. Karibu na mshono wa chini, pale rangi ya kijani ilipokuwa imepauka kwa jua, povu likaanza kuota vipele, kimoja, vitatu, kisha kundi zima, vikipasuka na kuota upya. Kwado akaweka kidole pale, akaniangalia, akasubiri nimuulize.

Nje ya Kongo huenda neno hili halijulikani. Kwado ni fundi wa kuziba pancha, yule anayeketi kando ya barabara na pampu yake, beseni la maji na magurudumu makuukuu aliyoyapanga kuwa kiti na meza. Siku hiyo nilimtoa kwenye magurudumu yake ili anisaidie kununua boti, kwa sababu katika mji mzima wa Kalemie sikumjua mtu mwingine anayeielewa hewa.

Duka halikuwa mbali na bandari. Boti lilikuwa limeingia ndani ya kontena la vitu vilivyotumika, katikati ya baiskeli, magodoro na majokofu, na mwenye duka hakujua hasa ni kitu gani mpaka kijana mmoja alipomwonyesha picha kwenye simu. Ni magogo mawili ya hewa, kila moja na urefu wa karibu mita 3, yamechongoka na kuinuka kidogo mbele na nyuma. Kati yake kuna fremu ya mabomba ya chuma, kiti kimoja, makasia mawili mafupi, na mifuko ya ubavuni ya kutia mishipi na ndoano. Halina sakafu. Unaketi, na miguu inaning'inia juu ya maji. Huko Marekani watu hutumia maboti ya namna hii kuvua kwenye mito na mabwawa yaliyotulia, na hata yale ya bei ya chini, yakiwa mapya, huuzwa dola mia kadhaa. Hili, pamoja na vipele vyake, mwenye duka aliliitia dola 250. Mfukoni nilikuwa na 320, fedha ya maharagwe ya misimu mitatu, na nilikuwa nimejiapia kwamba nitarudi Pepa na chombo changu cha kuvulia.

Mtu wa Pepa anatafuta nini ziwani? Swali hilo niliulizwa nyumbani kabla sijaulizwa ufukoni. Pepa iko juu, kwenye nyanda za Marungu, katika teritwari ya Moba. Kusini mwa nyanda hizo milima hufikia mita 2,460, na Ziwa Tanganyika liko kule chini, kwenye mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwetu asubuhi za mwezi wa sita pumzi hutoka mdomoni kama moshi wa jikoni. Tunahesabu ng'ombe, hatuhesabu mitumbwi. Maji yetu hufika ziwani kabla yetu: mto Mulobozi unazigawa nyanda za Marungu na kumwagika kaskazini kidogo mwa Moba, wakati sisi tumebaki juu tukitazama mawingu yanayotoka upande huo. Samaki nao hutupandia wakiwa wamekauka, ndakala kwa magunia, mikebuka kwa mafungu, nyuma ya pikipiki zinazopanda zikilia kwa uchungu. Nimekula samaki wa ziwa hilo tangu utotoni bila kumwona hata mmoja akipumua.

Chombo cha kwanza nilichopanda hakuna aliyekichagua. Mwaka 2000 mapigano yalifika Pepa, yakaja, yakarudi, yakaja tena, na watu wakatawanyika. Wengi walielekea kusini hadi Zambia, wakaishi miaka katika kambi za Kala na Mwange. Sisi tulishuka ziwani usiku na kuvuka kwenda Tanzania, tukaishia kambi ya Lugufu, mkoani Kigoma. Nilikuwa na miaka 8. Ninachokikumbuka ni sufuria. Mama alikuwa ametoka nyumbani na sufuria moja, na usiku ule wote ilikuwa mikononi mwake akikumbia maji yaliyokuwa yakiingia kwenye mbao, akiyainua na kuyamwaga, akiyainua na kuyamwaga, mpaka mwanga wa Tanzania ulipoonekana. Hakuna aliyeuliza mtumbwi ule ni wa mti gani, umekalafatiwa lini, unabeba watu wangapi. Uliokuwepo ndio uliopandwa.

Kwa hiyo niliposimama kwenye duka lile, pesa mfukoni, nikigusa mshono, nikiuliza bei, nikikataa, nikirudi tena, nilijua kwamba nafanya jambo ambalo mama yangu hakupata kulifanya. Kuchagua chombo ni mali. Mwenye pesa kidogo huambiwa hana la kuchagua, achukue kinachomfikia. Mimi naamini yeye ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini kuliko wote, maana tajiri akikosea hununua kingine.

Nilianza kwa kuwatazama wenye ziwa. Jioni Kalemie, upande wa ufuko, utaona vyombo vya mbao vikijiandaa kwa usiku usio na mwezi. Wavuvi wa ndakala hufunga mitumbwi miwili ubavu kwa ubavu kwa miti mirefu, wakaacha nafasi katikati, na juu yake wakatandaza wavu mkubwa wa kushushwa na kuinuliwa. Wanaita katamarani. Taa huwashwa, ndakala hukusanyika chini ya mwanga, wavu hupandishwa. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa mwanga wa taa hauna nguvu tena mbele ya mwanga wa mbinguni. Nilikaa mchangani nikaiangalia ile miti iliyofungwa kamba, na hapo boti la dukani likaacha kuwa kitu kigeni. Miili miwili, nafasi katikati, mtu juu ya nafasi. Ziwa hili linajua zamani kwamba viwili vilivyofungwa pamoja havipinduki upesi kama kimoja. Tofauti ni kwamba wao wamefunga mbao, na mimi nilikuwa nataka kufunga pumzi.

Na pumzi hiyo si uvumbuzi wa juzi. Kwenye michongo ya mawe ya Nimrud, nchini Iraki, ambayo sasa iko London katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, wapo askari wa Ashuru wa karne ya 9 kabla ya Kristo wanaovuka mto juu ya ngozi za wanyama zilizopulizwa hewa. Picha hiyo ilinigusa, mtoto wa wafugaji: ng'ombe na mbuzi walikuwa maboti kabla ya plastiki. Baadaye, miaka ya 1840, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye Peter Halkett alishona joho la kitambaa kilichopakwa mpira, ambalo lilivaliwa mvuani na kupulizwa likawa mtumbwi wa mtu mmoja. Mwaka 1888 John Dunlop wa Belfast akapata hataza ya gurudumu la baiskeli la kutiwa hewa, na dunia nzima ikautaka mpira.

Hapo hadithi inatuingia sisi. Kwa Kiswahili mpira ni mmea unaotambaa msituni, ni utomvu wake, ni gurudumu, ni kandanda. Neno moja limebeba safari yote. Kati ya 1885 na 1908, Kongo ilipokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, watu wa misitu yetu walilazimishwa kuukusanya utomvu huo kwa bunduki na mjeledi, na mikono ya wengi ilikatwa. Kila ninapomwona kwado akisugua kiraka kwa kipande cha msumeno, namwona mtu anayekitunza kitu kilicholipiwa kwa damu ya mababu. Sisemi hili ili kuipakia biashara ya boti mzigo mkubwa kuliko ulivyo. Nasema kwa sababu nilikuwa nimesimama Kalemie, nikiuziwa hewa ndani ya ganda lililotoka ng'ambo, na nilitaka kujua ninachokishika.

Ganda lenyewe, kwa kweli, halikuwa mpira. Hili ndilo kwado aliloniambia baada ya kuutoa mkono wake kwenye povu.

“Yaya, hii ni plastiki. Gundi yangu ni ya mipira ya magurudumu. Naweza kubandika, lakini siwezi kukuapia.”

Akabandika. Alisugua, akapaka, akasubiri gundi ikauke kidogo, akakandamiza kiraka kwa gumba mpaka kucha ikawa nyeupe. Tukanywa chai. Jioni tulirudi tukajaza upepo, na kiraka kikaanza kujiinua pembeni kama gamba la kidonda kilichokauka. Kwado alikitazama kwa huzuni ya kweli, huzuni ya fundi, akakataa kuchukua pesa.

Wakati huo ndipo nilipoielewa bei. Dola 250 ilikuwa bei ya ganda. Plastiki ya aina ile, PVC, inataka gundi yake yenyewe, gundi ya poliyurethani, na viraka vya plastiki ileile, na hivyo havipatikani kwa kwado yeyote wa Kalemie wala Moba. Ilibidi kumwagiza mfanyabiashara anayevuka kwenda Kigoma, naye amwagize mwenzake wa Dar es Salaam. Pampu ya mguu haikuwemo kwenye kontena. Jaketi la kuokolea halikuwemo. Kamba na nanga, kadhalika. Nikahesabu kwenye karatasi ya sigara: kama ningelipa 250, ningebaki na 70 za kununulia vitu vyote vinavyomrudisha mtu nyumbani akiwa hai. Nikamwambia mwenye duka kwamba sitatoa zaidi ya 150, na nikamweleza kwa nini, nikimwonyesha hesabu ileile. Hakukasirika. Kile kiraka kilichojiinua kilikuwa kimezungumza kwa niaba yangu. Tulikubaliana 170.

Watu wa ufukoni walinishangaa. Kwa pesa hiyo, na nyingine ya kukopa, ningeweza kupata mtumbwi wa mbao uliotumika, chombo ambacho kila fundi wa ziwa anajua kukitibu. Ubao ukipasuka, upo ubao mwingine. Mwanya ukifunguka, ipo pamba na yapo mafuta ya mawese ya kuukalafatia. Hii ni hoja nzito, na kama ningekuwa mkazi wa Kalemie ningeifuata bila kufikiri mara mbili. Chombo cha kwanza kiwe kile ambacho majirani zako wanaweza kukitengeneza ukiwa umelala homa.

Lakini majirani zangu wako juu Marungu. Kutoka Pepa kushuka Moba ni siku nzima ya pikipiki, na masika huwezi kuahidi siku. Mume wa shangazi yangu, mvuvi wa Moba-Port tangu ujana wake, ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeniuliza.

“Usiku litalala na nani?”

“Vipi, Mzee?”

“Mtumbwi hauachwi peke yake, mwanangu. Ukiuacha mwezi mzima juani, mbao zinajikunja, kalafati inadondoka. Ukiuacha majini, unaoza. Ukimwachia mtu, siku utakayorudi umekuwa wake. Wewe unakaa Pepa. Chombo chako kitalala na nani?”

Nikamwambia kwamba hili linakunjwa, lina kilo 30 hivi, nitalala nalo mimi. Alinyamaza kwa muda, akilizungusha jibu hilo kichwani. Nadhani ndipo alipoanza kulikubali boti, ingawa alikuwa bado hajaliona.

Vyombo vilivyofika ziwani kwa kubebwa nchi kavu tumekuwa navyo. Msafiri Stanley alipolizunguka ziwa hili mwaka 1876 alitumia Lady Alice, mashua ya mbao iliyotengenezwa kwa vipande, na vipande hivyo vilitoka pwani ya Bahari ya Hindi juu ya mabega ya wapagazi. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za injini, zilizoitwa Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli, kisha kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya watu kupitia milima ya Mitumba, mpaka Lukuga, hapa Kalemie, na tarehe 26 Desemba wakaiteka Kingani, boti ya Wajerumani. Vitabu vimewakumbuka manahodha. Mimi namfikiria mtu aliyebeba ubavu wa mashua kichwani kwa miezi, akafika majini, na pengine hakuketi ndani yake hata mara moja. Boti langu nililifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira ya kufungia mizigo, likiwa limeviringishwa kama mkeka wa msibani, na njia nzima nilikuwa nageuka kuliangalia.

Gundi ilichukua wiki 5. Ilipofika nilikuwa Moba, na Mzee hakukubali niende popote kabla ya jambo moja. Alitaka tuliue.

Tulilipeleka mahali maji yanapofika kifuani, asubuhi, ziwa likiwa limelala. Akaniambia niketi kitini na jaketi langu. Kisha, bila kunihesabia, akafungua vali ya gogo la kushoto.

Hewa ilitoka kwa sauti ya mtu anayeshusha mzigo. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kisha fremu ikaanza kuinama, kidogo kidogo, kiti kikalala upande, na maji ya baridi yakapanda pajani, kiunoni. Gogo la kushoto likawa kitambaa. Nilishika la kulia kwa mikono yote miwili, kifua juu yake, na likanibeba. Lilikuwa karibu kusimama wima, na chuma kinanivuta, lakini lilinibeba. Mzee alikuwa amesimama pembeni, maji kifuani, akitazama saa yake ya mkononi. Aliniacha pale dakika 10.

“Sasa piga miguu uende ufukoni.”

Nilipiga miguu. Ule umbali, ambao mtu mzima anaweza kuutembea akihesabu hadi 40, ulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka kukiri. Nilipofika mchangani nikiwa nahema, alinionyesha nilikotoka kwa kidevu.

“Hapo ndipo mwisho wako. Pale sauti yako inapofika kwa mtu aliye ufukoni, na miguu yako inaporudi bila chombo. Ukitaka kupita hapo, njoo ndani ya mtumbwi wangu.”

Nimelishika hilo. Boti lile halikutengenezewa ziwa letu, na hakuna ujanja wa fundi utakaolibadilisha. Ni jepesi, linakaa juu ya maji kama jani, na upepo ukilishika, makasia yale mafupi hayashindani nao. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa siku nyingi na kuinua mawimbi ambayo hata mitumbwi ya mbao huyaogopa. Miezi hiyo linakaa Pepa. Usiku siliingizi majini kabisa, kwa sababu mvua za vuli na masika huja na dhoruba za ghafla, na kwa sababu cheche moja ya taa ya mafuta inatosha kutoboa plastiki. Ndoano nazichomeka kwenye kipande cha gogo laini. Samaki mwenye miiba namtia kwenye ndoo, simlazi kwenye plastiki. Mdomoni mwa mto sikaribii, kuna mamba. Na nchi nne za ziwa zilikubaliana kulipumzisha miezi 3 kila mwaka, 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024, na wavuvi wa huku wameisikia habari hiyo kwa manung'uniko na kwa matumaini pia. Kwangu mimi miezi ile ni ya kusi vilevile, sioni ninachokipoteza.

Kuna wakati nalitazama boti langu nakumbuka yale mengine, ya mpira wa bei ya chini kabisa, yanayojazwa watu usiku kwenye fukwe za Libya, vijana wa Eritrea, Somalia na Sudani wakiwa ndani, wakielekea Italia. Nayo yamechaguliwa kwa bajeti ndogo, ila aliyeyachagua haingii ndani. Mama alipokuwa na ile sufuria mkononi, aliyechukua nauli yetu alikuwa amebaki ufukoni.

Nikiwa kitini, miguu ikining'inia, maji ya Tanganyika yakiwa masafi hivi kwamba mawe ya chini yanaonekana kama yako mezani, huwa nalifikiria ziwa lenyewe. Kina chake ni mita 1,470, na sehemu kubwa ya kina hicho haina pumzi. Oksijeni huishia kwenye mita 100 hivi upande wa kaskazini, na zaidi ya 200 kusini; chini ya hapo maji yapo, giza lipo, samaki hawapo. Ndakala, mikebuka, sangala, na wale wote wanaotupandia Pepa wakiwa wakavu wanaishi kwenye utando mwembamba wa juu, wakiwa na shimo lisilo na hewa chini yao. Nami nimeketi juu ya hewa ya magogo mawili, juu ya hewa yao, juu ya pasipo hewa.

Samaki wa kwanza niliyempata alikuwa kuhe. Wazambia humwita nkupi. Ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii yake duniani, na husemwa kwamba huzaa mara moja tu katika maisha yake, baba na mama wakilinda watoto kwenye maji ya karibu na ufuko mpaka wenyewe wakonde. Huyu alikuwa peke yake, mnono, wa kilo 2 hivi. Alivuta mshipi, boti likageuka kumfuata kama mbwa, na kwa mara ya kwanza nikahisi mnyama wa ziwa akiwa hai upande wa pili wa uzi. Ufukoni Mzee alisimama. Nilipomwinua samaki juu, alinyoosha mkono wake, akaushusha, akarudi kushona wavu.

Siku ya kurudi Pepa nililikunja kwa haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milima. Nilifunga vali kabla ya kuikamua hewa yote. Njiani, kadiri tulivyopanda, niliona mzigo ukinenepa nyuma yangu, mipira ya kufungia ikikaza, nikadhani fundo limeteleza. Nilisimama mara mbili kukagua. Kule juu hewa ya nje ni nyepesi, na ile tuliyoifungia kando ya ziwa ilikuwa inajitanua ndani ya kitambaa ikitafuta nafasi.

Tulifika jioni. Mama alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kitenge, akalizunguka lile furushi lililovimba. Nikamwita asogee, nikafungua vali. Hewa ya Moba ikatoka uani kwetu, ya moto kidogo, ikinuka maji na samaki na plastiki iliyokaa juani. Mama aliweka kiganja chake pale, karibu kabisa, kama anavyofanya mtu anapopima kama mtoto mchanga anapumua.

“Linabeba wangapi?” akauliza.

“Mmoja, Mama.”

Hakusema kitu. Aliacha kiganja palepale mpaka hewa ikaisha.